Mwandishi wa Hesabu Mbele ya Wasaili

Wasomaji wetu watukufu, hapana jambo linalowashughulisha wazee wa zama hizi kama kazi za watoto wao. Mtoto husomeshwa, shamba likauzwa kwa ajili yake, akatoka chuo kikuu na shahada yake mkononi, kisha akakalishwa kitini mbele ya watu wawili asiowajua wakamwuliza maswali dakika arubaini. Na katika dakika zile arubaini hupimwa malezi yote ya nyumba yao. Sisi elimu yetu ni ya chuo cha Kurani na skuli ya msingi, wala hatukupata kuulizwa maswali ya kazi na mtu yeyote ila marehemu mzee wa msikiti, aliyetutaka tumsomee Yasin, kisha akatupa ufunguo wa chuo. Kwa hivyo msidhani kwamba twaandika haya kwa ujuzi wetu. Twaandika kwa kuwa tulitiwa ndani ya jambo hili na kijana mmoja tuliyemsomesha hapa Mombasa tangu alifu, naye sasa akaa London.

Kijana huyu aliomba kazi katika benki ya uwekezaji, kazi iitwayo mchambuzi wa shughuli. Alipoitwa kwa usaili alitupigia simu baada ya sala ya isha, akasema, "Maalim, nataka nikueleze kazi hii mpaka uifahamu. Nikiweza kukufahamisha wewe, wao pia nitawafahamisha." Tulicheka kidogo, kwani si sifa kubwa kwa mwalimu kufanywa kipimo cha ujinga. Lakini tulikubali, na kwa muda wa majuma matatu hatukulala mapema.

Kwanza alitueleza benki yenyewe. Benki ya uwekezaji si ile ambayo mtu hupeleka mshahara wake na kuutoa kidogo kidogo. Hii husaidia makampuni na serikali kutafuta mali nyingi kwa kuuza hisa na hatifungani, tena hununua na kuuza kwa ajili ya wateja wakubwa, mathalan mifuko ya malipo ya uzeeni. Huko London nyingi ziko katika mtaa wa zamani uitwao City na katika majumba marefu ya Canary Wharf, mahali palipokuwa bandari ya meli za sukari na matunda mpaka bandari ile ilipofungwa mwaka 1980.

Ndani ya benki hizi mna watu wa mbele na watu wa nyuma. Wa mbele ndio wanunuao na kuuza, na hao ndio wanaotajwa magazetini. Wa nyuma hushika jambo baada ya kununuliwa. Tulimwambia, "Likisha nunuliwa si limekwisha?" Akajibu, "La, Maalim, hapo ndipo laanza." Akatupigia mfano wa mtu aliyenunua shamba barazani kwa kupeana mkono. Mkono umepeanwa na kahawa imenywewa, lakini hati haijaandikwa, mipaka haijatazamwa, fedha haijahesabiwa, na muuzaji akifa usiku ule warithi watasema hawajui. Hivyo ndivyo ilivyo hisa. Aliyenunua huandika kwake, aliyeuza huandika kwake. Maandiko mawili yale hayana budi yalinganishwe, idadi kwa idadi na bei kwa bei. Kisha yapelekwe maagizo, hisa zitoke huku na fedha itoke kule kwa wakati mmoja. Kisha vitabu vya benki vilinganishwe tena na vitabu vya yule anayeziweka hisa. Ikionekana tofauti, hata ya senti, mchambuzi huitafuta ilikotoka. Hiyo ndiyo kazi yake kutwa.

Zamani mambo haya yalifanywa kwa karatasi, wakipita vijana mitaani na mikoba ya hati za hisa. Mwaka 1968 karatasi zilizidi huko New York hata soko la hisa likawa lafungwa kila Jumatano ili makarani wapate kumaliza viporo vyao. Leo ni mashine, na muda umekuwa mfupi: Marekani, ambayo ilikuwa ikingoja siku mbili za kazi baada ya kununua, tangu tarehe 28 Mei 2024 hungoja siku moja tu, na Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka tarehe 11 Oktoba 2027 kufanya vivyo hivyo. Kijana alituambia swali hili laulizwa sana: muda ukipunguzwa, ni nini kitakachoharibika kwanza? Jawabu ni kwamba kosa lililokuwa likipata siku mbili za kutengenezwa sasa hupata usiku mmoja, na mteja aliye mbali, ambaye kwake kumekwisha kucha wakati wengine wamelala, ndiye wa kwanza kutaabika.

Usiku mmoja alitaja jambo lililotuamsha. Alisema wasaili hupenda kuuliza juu ya hatari ya kubadilishana sarafu, na mfano wake ni benki ya Herstatt ya mji wa Cologne, Ujerumani. Tarehe 26 Juni 1974 benki ile ilifungwa na serikali jioni ya Kijerumani. Wenzake waliokuwa wakibadilishana nayo fedha walikuwa wamekwisha kuilipa mark za Kijerumani asubuhi, nao wangojea dola zao New York, ambako siku ilikuwa bado mbichi. Dola hazikuja. Wametoa na hawakupokea. Ilipita miaka ishirini na minane, hata mwaka 2002, ndipo mabenki makubwa yakaanzisha chombo cha pamoja, kiitwacho CLS, ambacho hakitoi sarafu hii mpaka na ile iwe imetolewa.

Tukamwuliza, "Wewe, kitabu cha fikihi ulichosoma kwetu umekisahau? Mlango wa sarf wasemaje?" Akanyamaza, kisha akacheka kwa sauti mpaka tukaiweka simu mbali na sikio. Kwani mtoto yeyote aliyepita chuoni ajua kwamba dhahabu kwa fedha haibadilishwi ila mkono kwa mkono, katika kikao kile kile kabla ya kuachana. Alikuwa amelisoma jambo hili akiwa na miaka kumi na mitatu, akilihifadhi ili asipigwe kwa mtihani, wala hakudhani kwamba lina kazi yoyote katika ulimwengu huu. Sisi pia, tukisema kweli, tulikuwa tukilisomesha hivyo hivyo.

Ama usaili wenyewe haukuwa mmoja. Kwanza huandika maombi katika intaneti, kisha hupewa mitihani ya hesabu kwa saa iliyopimwa, kisha huzungumza na mashine: swali hutokea kiooni, hupewa nusu dakika ya kufikiri, kisha taa huwaka naye hujibu peke yake mbele ya kamera, hapana uso wa mtu wa kuutazama. Alituambia hilo lilimtaabisha kuliko yote. Akiokoka hapo, huitwa kuonana na watu.

Benki ya kwanza alishindwa, na sababu yake twaitaja kwani vijana wengi huangukia hapo. Aliulizwa kwa nini aitaka kazi ya nyuma. Akajibu kwamba ataka kuingia humo kwanza, kisha baada ya mwaka au miwili apande kwenda kwa wanunuzi wa mbele. Alidhani hiyo ni dalili ya himma. Yule bibi aliyemwuliza alikuwa amekaa katika kazi ya nyuma miaka kumi na tisa. Alitabasamu, akafunga kalamu. Mtu akija kuposa kwako na kukuambia kwamba amtaka binti huyu kwa sasa mpaka atakapopata mwingine, utamjibu nini?

Benki ya pili ilimwita siku ya Ijumaa saa saba na nusu mchana. Mama yake alisikitika sana akaona mtoto atapoteza sala ya Ijumaa au atapoteza kazi. Tulimshauri aandike barua fupi ya adabu, aseme ana faradhi ya ibada saa ile, aombe saa nyingine. Walimjibu siku ile ile: njoo saa nne asubuhi. Hapakuwa na zaidi ya hayo, na hofu yote ile ilikuwa yetu sisi.

Sasa twaja kwenye swali ambalo kwa ajili yake tumeamua kuandika. Katika kazi hizi mtu hana budi kuulizwa, "Tueleze kosa ulilolifanya, na ulifanya nini baada yake." Alikwisha kutafuta kosa la kueleza, akatusomea. Alipokuwa hapa likizo, alikaa katika kibanda cha M-Pesa cha mjomba wake. Mteja mmoja alileta shilingi 1,500 za kuweka, naye kwa haraka akaandika 15,000. Jioni alipolinganisha fedha ya sandukuni na salio la simu, aliona zapungua 13,500. Akamwendea mjomba wake akamweleza, wakamtafuta yule mteja, akarudisha 9,000 alizokuwa hajazitumia, na 4,500 zikalipwa na mjomba. Tangu siku ile, alisema, alijifundisha kumsomea mteja hesabu kwa sauti kabla ya kubonyeza. Hadithi nzuri, ina mwanzo na mwisho, tena yafanana sana na kazi anayoitaka.

Lakini mjomba wake ni jirani yetu, na ukuta wetu na wake ni mmoja. Tukamwuliza, "Na zile siku mbili?"

Akanyamaza kimya. Zilikuwapo siku mbili. Jioni ile hakumwendea mjomba. Alichukua fedha za kesho yake akajazia pengo la jana, na kesho kutwa akajazia la kesho, akiomba Mungu mteja arudi mwenyewe. Siku ya tatu mjomba alitaka fedha ya kununulia bidhaa, pengo likaonekana, ndipo akasema. Akatuambia kwa sauti ya chini, "Maalim, nikisema hayo hawatanichukua. Watu hawa huweka amana ya mamilioni."

Wasomaji, hatukumjibu usiku ule, kwani tulihofu kwamba asema kweli. Ni rahisi kwa mwalimu aliyekaa Mombasa kumwambia kijana wa watu aseme ukweli, na kodi ya nyumba ya London hailipi mwalimu. Tulimwambia tu atusomee tena khabari ya Barings, aliyokuwa amejitayarisha nayo.

Barings ilikuwa benki ya London iliyoanzishwa mwaka 1762. Mwaka 1995 iliangushwa na kijana mmoja aliyekuwa Singapore, Nick Leeson, aliyefanya biashara ya mikataba ya bei za hisa za Japani. Kijana huyu asili yake alikuwa mtu wa nyuma, mwenye sifa ya kutatua viporo vya makarani. Alipopelekwa Singapore alipewa kazi zote mbili: anunue na kuuza yeye, na vitabu vya biashara ile vishikwe na yeye. Wakaguzi wa benki yenyewe waliandika mwaka 1994 kwamba kazi hizo zitenganishwe, hazikutenganishwa. Alikuwa na hesabu moja yenye namba 88888, humo akitia hasara zake ili zisionekane, akifunika ya leo kwa ya kesho. Zilipojumlishwa zilikuwa pauni milioni 827. Benki ya miaka mia mbili na zaidi ikauzwa kwa Waholanzi wa ING kwa pauni moja, naye akahukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu.

Alipofika kwenye maneno "akifunika ya leo kwa ya kesho" alisita. Hatukuongeza kitu. Tulimwombea dua tukakata simu.

Twataka kutaja pia kwamba kosa la kutoficha nalo ladhuru watu wasipotazama. Mwezi wa Agosti 2020 Citibank ya New York ilitaka kuwapelekea riba ya dola kama milioni 8 watu walioikopesha kampuni ya Revlon, ikawapelekea karibu dola milioni 900 kutoka katika mali yake yenyewe, kwa sababu vijisanduku viwili vya kiooni havikutiwa alama. Watu watatu walikuwa wamepitisha jambo lile. Wengine walizirudisha, wengine wakakataa, na mpaka mwaka 2022 ndipo mahakama ya rufani ikahukumu kwamba benki yastahili kurudishiwa. Tuliposikia haya tulikumbuka aya ya deni katika Suratul Baqara, nayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, yenye kuamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu na mashahidi wawili washuhudie. Mara ngapi tumeitwa kuwa mashahidi wa hati tukatia sahihi bila ya kuisoma, kwa kumwonea haya mwenye nyumba? Sisi tumefanya hivyo, na si mara moja.

Siku ya Ijumaa ile alivaa suti aliyoiazima kwa binamu yake, akafika kabla ya saa nne. Waliomwuliza walikuwa bwana mmoja na bibi mmoja. Bibi alinyosha mkono, naye akaweka mkono wake kifuani akasema kwa upole kwamba hii ndiyo ada ya kwao. Bibi akaweka wake kifuani vile vile, na wakakaa. Wakamtaka aeleze safari ya hisa tangu kununuliwa hata kukabidhiwa. Wakamwuliza: umebaki na robo saa kabla ya mlango wa malipo kufungwa, una malipo mawili yenye matata, utashika lipi? Akajibu kwamba atatazama lipi likichelewa litamdhuru mteja zaidi, na kwamba kabla ya kulishika atamwarifu mkubwa wake juu ya lile analoliacha. Bwana akauliza, "Kwa nini kabla?" Akasema, "Baada yake itakuwa ni udhuru."

Kisha likaja swali la kosa. Alieleza yote, siku mbili na zote. Aliwaambia kwamba kuandika sifuri moja zaidi kulikuwa haraka ya mkono, lakini kosa lake ni jioni ile, alipoujua upungufu akaufunga sandukuni. Bibi aliandika kwa muda mrefu bila ya kuinua uso. Bwana alimwuliza, "Mjomba wako alikufukuza?" Akajibu, "La. Alinirudisha kibandani kesho yake, lakini kwa mwaka mzima alihesabu yeye mwenyewe jioni."

Mwishoni waliuliza kama ana swali. Vijana wengi husema hapana, na hilo ni kosa. Yeye alikuwa na swali tulilompa, nalo lilikuwa zito kwake kulitamka: hesabu atakazozishika ni za biashara gani? Kwani wasomaji wetu watakuwa wamekwisha kujiuliza, na mama yake alituuliza siku ya kwanza. Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kwa Jabir yajulikana, nayo haikumtaja mla riba na mwenye kuilipa peke yao, bali imemtia na mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Na kazi hii ni uandishi. Wako wanavyuoni wakatazao kazi yoyote katika benki ya riba, na wako watazamao kazi yenyewe aifanyayo mtu. Sisi si mamufti, wala hatukuthubutu kumfutu kijana kwa simu; tulimtaka amwendee sheikh mwenye ilimu huko huko aliko, akiwa na jawabu la benki mkononi. Mtu akienda kwa sheikh bila ya kujua atafanya kazi gani, hata sheikh atajibu gizani.

Waliambia kwamba atakuwa upande wa hisa za makampuni ya Ulaya, kupokeza hisa na kufuatia gawio la faida liwafikie wenyewe. Hatifungani na mikopo hushikwa na chumba kingine, ingawa watu huhamishwa. Sheikh alimruhusu upande huo wa hisa, akamwambia siku atakayohamishwa arudi kwake kabla ya kukubali. Sisi moyo wetu haukutulia kabisa, wala hatuoni haya kusema hivyo.

Siku ya kumi na moja walimpigia simu wakampa kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja. Huamka alfajiri, na saa moja ya asubuhi huwa mbele ya kioo chake akitazama orodha ya tofauti za jana. Mjomba wake alipoambiwa kwamba zile siku mbili za kibandani zimetajwa London, alitaka kujua kama lilitajwa na jina lake.

Mwezi uliopita alimpelekea mama yake fedha kutoka katika mshahara wa kwanza. Ujumbe wa M-Pesa ulifika, naye alikuja kwetu tumsomee, ingawa macho yake ni mazima. Tukamsomea kiasi. Akauliza tena lile neno la sheikh, tukamkariria kama tulivyolisikia. Akakunja simu katika upindo wa leso yake akaenda zake. Hupita mbele ya kibanda kile kila asubuhi akienda sokoni, na mpaka twaandika haya fedha ile hajaitoa.